Kili na Safari zinafanana kweli? Jinsi ya kuonja bia za chupa ukiwa likizo

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni Mkenya, naishi Nakuru. Desemba mimi na bwanangu tunashuka Tanzania na gari yetu kwa wiki mbili, tunaingilia Namanga, halafu Arusha, Moshi, Tanga mpaka Dar, na tukiweza siku mbili Unguja. Tunapenda bia na tumeamua tutaonja za huko tuzilinganishe na zetu. Shida yangu ni moja, mara ya mwisho nilikunywa Kilimanjaro na Safari siku moja nikaona ni kitu kimoja tu, bwanangu akanicheka eti mimi sina ulimi. Nifanye nini ndio nijue tofauti? Na sitaki kulewa kila jioni.

Jibu: Dada yangu karibu sana Tanzania, na mwambie shemeji ulimi unao. Ulichokisema hakiko mbali na ukweli, Kili na Safari ni ndugu wa nyumba moja, zote zinatoka TBL, yaani Kampuni ya Bia Tanzania, zote ni laga, yaani bia iliyochachushwa taratibu kwenye baridi halafu ikachujwa mpaka ikang'aa, na zote zina ule uchungu mdogo unaokuja mwishoni, uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia. Tofauti ya wazi ipo kwenye lebo, Kili ni asilimia 4.5 na Safari ni 5.5. Zilizobaki ni tofauti ndogondogo, na tofauti ndogo haionekani mpaka vitu viwili viwe mbele yako kwa wakati mmoja. Chukua mchele wa Kyela na wa Shinyanga, aliyevipika vyote siku moja akavila bila mchuzi anajua kabisa kipi ni kipi, lakini aliyekula huu leo na maharage na ule wiki ijayo kwenye pilau, huyo umuulize nini sasa?

Mimi nimefanya kazi ya kuonja bia kwa miaka mingi na kitu ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: watu wengi wanaposema bia hii tamu na ile mbaya, wanakuwa wameonja baridi ya friji, umri wa chupa na picha ya kwenye lebo. Bia yenyewe bado hawajaifikia. Mwaka 1964 huko Marekani watafiti wawili, Allison na Uhl, waliwapelekea wanywaji bia chupa zisizo na lebo wakazinywe nyumbani kwao, na wale watu kwa ujumla walishindwa kuitambua hata bia yao wanayoinywa kila siku, halafu wakapewa zenye lebo na hapo kila mtu akaipa ya kwake maksi za juu. Kwahiyo shemeji asikucheke, na yeye akifunikwa macho tutaona.

Sasa kazi yenu kubwa hiyo likizo ni kufanya vitu vyote vingine vilingane ili kibaki kinachotofautiana ni bia tu. Nianze na chupa yenyewe maana hapa ndipo msafiri anapoharibikiwa, na mimi mwenyewe nimeshaharibikiwa.

Kuna mwaka nilikuwa pwani kwenye hoteli moja ya ufukweni, nikaagiza bia ya chupa ya kijani, nilipoinusa tu nikapata harufu kama ya kicheche, ile harufu ya mnyama inayoganda puani. Nikaiandika kwenye daftari kwamba bia hii ni mbaya, tena nikawaambia na wenzangu mezani. Wiki mbili mbele nikaikuta bia ileile bara, chupa ileile ya kijani, safi kabisa haina tatizo lolote. Ndio nikakumbuka pale hotelini makreti yalikuwa yamepangwa uani jua la saa nane linayapiga. Mwanga wa jua ukiingia kwenye bia unavunja zile dawa za uchungu za hopsi, na zikivunjika zinatengeneza kitu chenye salfa ambacho pua ya binadamu inakisikia hata kikiwa kidogo mno. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya huo mwanga, ya kijani inazuia kidogo sana, nyeupe ndio haizuii kitu, na kwenye jua kali haihitaji siku nzima, dakika chache tu zinatosha. Nilimkosea mtengenezaji kwa kosa la aliyepanga makreti na jambo hilo liliniuma, tangu hapo siandiki bia ni mbaya mpaka niwe nimeionja kwenye chupa mbili kutoka sehemu mbili.

Kwahiyo ukiingia baa angalia bia zinakaa wapi. Kama makreti yako nje juani au chupa zimejipanga kwenye friji la kioo linalotazama barabara na jua la jioni, agiza za kahawia au tafuta baa nyingine. Soma na tarehe, ipo kwenye lebo au shingoni mwa chupa, usione aibu kuuliza, hapa kwetu mhudumu anakuletea chupa haijafunguliwa anakuonyesha kwanza ndio anafungua mbele yako, huo ndio muda wako wa kuisoma. Bia ya laga haiboreki ikikaa. Ikizeeka, hasa ikikaa kwenye joto kama la Tanga au Dar, inapata ladha ya boksi lililolowa mvua, karatasi karatasi hivi, na utamu unakuwa kama wa mkate uliolala. Hiyo ladha ukishaijua mara moja hutaisahau. Na msibebe bia kwenye buti ya gari mchana kutwa mkadhani jioni mtaonja kitu cha maana, buti lililofungwa likipigwa jua linakuwa jiko.

Halafu baridi. Hapa Wakenya na sisi tunafanana, nyie mnaulizwa baridi ama moto, na kwetu ukikaa tu mhudumu anakuuliza ya baridi au ya moto, na ya moto maana yake haijaingia friji. Kwa kunywa kila mtu na mapenzi yake, lakini kwa kuonja zote mbili zina shida. Iliyotoka kwenye friji imeanza kugandia inaua ulimi, harufu hazipandi, uchungu hausikii vizuri, ndio maana bia mbovu zinapenda kusifiwa "bariiidi". Na ile ya moto kabisa pombe inapanda juu ya kila kitu na gesi inatoka haraka. Unachotaka ni kati, kama nyuzi 6 hadi 8 hivi, na huna haja ya kipimo, agiza zote kutoka friji moja kwa wakati mmoja, Arusha ziache mezani kama robo saa, Dar nusu ya muda huo inatosha maana joto lenyewe unalijua. Nina wasiwasi kwamba ile siku ulipozinywa zote mbili zilikuwa za baridi kali, na kama ndivyo basi kusikia kitu kimoja ilikuwa lazima.

Glasi ni muhimu, usionjee kwenye mdomo wa chupa. Harufu ndio nusu ya bia na zaidi, na chupa haina nafasi ya pua. Omba glasi mbili au tatu zinazofanana, zioshe upya kwa maji safi uziache zijikaushe zenyewe, usizifute na kile kitambaa cha baa. Ukimimina ukaona vitone vya gesi vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi kama shanga, glasi ina mafuta au sabuni. Mafuta yanaua povu, kwahiyo lipstiki, mafuta ya mdomo na vidole vya nyama choma vyote vikae mbali mpaka mmalize. Najua ni ngumu, umefika Arusha mbuzi anachomwa pale pembeni na moshi unakujia, lakini kaeni upande ambao upepo hauleti moshi, onjeni kwanza, halafu nyama ije. Msiende na njaa lakini, kuleni kitu kisicho na kelele kama ndizi za kuchemsha au mkate mkavu, pilipili na kachumbari ya limao vingoje. Marashi mkononi pia hapana.

Sasa namna yenyewe ya kuonja. Mimina kama kidole na nusu cha bia, sio glasi ijae. Angalia rangi na povu haraka tu. Izungushe kidogo, inuse mara mbili fupi, usikae umeinamia glasi dakika nzima maana pua inachoka. Piga funda la kujaza mdomo, liache lifike pembeni zote za ulimi, meza, halafu toa pumzi kwa puani. Hapo kwenye kutoa pumzi ndipo ladha nyingi zinapojitokeza, watu wanasahau hiyo hatua. Na bia tofauti na mvinyo, inamezwa, huo uchungu wa hopsi unausikia vizuri nyuma ya ulimi baada ya kumeza.

Halafu andika, kabla hujasema neno. Hii nasisitiza kwa wanandoa hasa! Shemeji akisema tu "hii ina ladha ya mahindi" basi na wewe utasikia mahindi hata kama hayapo. Kila mtu karatasi yake. Na usitafute maneno makubwa, tumia ya jikoni kwako: ndizi iliyoiva sana, mahindi ya kuchemsha, siagi, tufaha bichi, kiberiti kilichowashwa, mkate wa moto, asali, majani. Kuna yanayokubalika na kuna ya kukuonyesha kasoro. Siagi ikizidi mpaka unakumbuka bisi, ujue hamira haikumaliza kazi yake vizuri. Tufaha bichi nayo mara nyingi ni bia iliyotolewa kabla haijaiva. Ndizi mbivu kidogo ni kawaida ya hamira. Mahindi ya kuchemsha au kabichi kidogo ipo kwenye laga nyingi duniani, ikitawala ndio shida.

Tuje kwenye mchezo utakaokupa jibu la swali lako. Mmoja wenu aende pembeni na glasi tatu, amimine Kili kwenye mbili na Safari kwenye moja, au kinyume chake, aweke namba chini ya glasi, azichanganye, alete. Kazi yako sio kusema ipi ni ipi, ni kusema tu ipi imetofautiana na wenzake wawili. Hivi ndivyo hata viwandani wanavyofanya. Kwa kubahatisha utapata mara moja katika tatu, kwahiyo ukipatia mara moja usishangilie, lakini ukipatia mara tatu mfululizo, kubahatisha hivyo ni mara 1 tu katika 27, hapo ulimi wako umeongea. Halafu mbadilishane, shemeji akae kitini. Rangi zikitofautiana zima taa au vaa miwani ya jua, ninasema kweli, macho yanadanganya kuliko mnavyodhani.

Usitafute kitu kimoja kwenye Kili na Safari. Kwa ulimi wangu Kili ni nyepesi, inaisha kavu, ukimeza haibaki sana mdomoni. Safari ina uzito, utamu wa nafaka unatangulia, halafu kuna kajoto kifuani baada ya kumeza, hiyo ndio asilimia moja ya ziada inayoongea. Ukitaka kuisikia hiyo tofauti anza na Kili ndio ufuate Safari, ukianza na Safari Kili itakuwa kama maji na utaionea. Sheria ni hiyo siku zote, nyepesi kwanza, nzito baadaye, na nyeusi mwisho kabisa.

Usiku wa kwanza Arusha msifanye zaidi ya hizo mbili. Usiku wa pili onjeni Serengeti na Ndovu, zote 4.8, ndio maana ni jozi nzuri, nguvu zinalingana kwahiyo unalinganisha ladha tupu. Zote zinajinadi kwa kimea cha shayiri, na ndani ya laga zetu hili ni jambo la kulifuatilia, kwa sababu bia nyingi za Afrika zinachanganya shayiri na mahindi, sukari au mtama, na huo mchanganyiko unaifanya bia iwe nyepesi na ikaukie mdomoni. Soma viungo kwenye lebo kama vimeandikwa, lakini soma baada ya kuonja. Mimi Serengeti naiona ina mkate mkate fulani wa mviringo ambao ninaupenda kuliko bia nyingine yoyote ya hapa nchini. Utakuta wengi hawakubaliani na mimi.

Moshi sasa. Mkiwa Moshi tokeni kidogo nje ya chupa mkaonje mbege, jamani msipite Uchagani bila hilo. Ni ndizi zilizopikwa zikachachuka halafu zikachanganywa na ulezi, inanywewa kwenye kibuyu, nzito kama uji na ina ukali wake. Nakutuma huko kwa sababu moja ya kitaalamu, wazee wa Kichaga wanatia magome ya mti unaoitwa msesewa kuleta uchungu, yaani kazi ileile ambayo hopsi inafanya kwenye bia ya kiwandani. Ukiisikia ile chungu ya gome, halafu jioni ukafungua laga, utaisikia hopsi ikiwa imesimama peke yake kama vile mtu amekuonyesha kwa kidole. Mimi imenisaidia kufundisha watu kuliko maneno yote. Onja kidogo tu na kwa mwenyeji anayeaminika kwa usafi.

Na kama shemeji ataleta ushabiki wa mpaka, kwamba Tusker ni ya kwetu na Serengeti ni ya kwao, mwambie habari yote. Tusker ilianza baada ya ndugu wawili, George na Charles Hurst, kufungua kiwanda Kenya mwaka 1922, na jina lilikuja baada ya George kuuawa na tembo mwindoni mwaka uliofuata. Baadaye kampuni ya Kenya na ile ya Afrika Kusini wakagombania soko, Wakenya na kiwanda chao hapohapo Moshi na wale na kiwanda chao Thika, mpaka 2002 wakapatana vikafungwa vyote viwili. Mwaka 2010 EABL wa Nairobi, ndio hao hao wenye Tusker, wakanunua asilimia 51 ya kampuni ya Serengeti. Kwahiyo Tusker na Serengeti sio mahasimu, wamekaa nyumba moja. Halafu tazama lebo, Tusker ina tembo, Ndovu ni tembo, na kule Lubumbashi kuna bia nyeusinyeusi nzuri sana inaitwa Tembo. Na sisi watu wa Kiswahili tembo tunajua ni mnyama na ni pombe ya mnazi pia, mtaiona Tanga hiyo, ikigemwa asubuhi ni tamu na ikifika jioni imeshakuwa kali.

Kuhusu Tusker hiyo, usiku wa mwisho kabla hamjaondoka Nakuru fungueni moja, glasi safi, baridi ya kati, andikeni. Ni asilimia 4.2 kwahiyo mwenzake wa haki ni Kili, msiilinganishe na Safari. Na mkikutana na Balimi, neno lenyewe kwa lugha za Kanda ya Ziwa ni wakulima, hiyo ndio mwenzake Safari.

Dar mkifika malizieni na nyeusi, Castle Milk Stout au Guinness, sio kwa ajili ya kulinganisha na laga, ni ili mjue ladha ya nafaka iliyokaangwa mpaka ikakaribia kahawa. Hiyo iwe ya mwisho usiku huo, baada yake ulimi haufai kwa laga.

Swali lako la kulewa. Chupa zetu nyingi ni nusu lita. Chupa moja ya Safari ina mililita 27 na nusu za pombe tupu, Kili ina 22 na nusu. Nyie ni wawili, agizeni chupa moja moja mgawane, bia tatu kwa jioni na sio zaidi, hapo kila mtu amekunywa chupa moja na nusu akimaliza zote, na hamlazimiki kuzimaliza, mililita mia moja zinatosha kabisa kujua bia. Maji katikati, glasi nzima. Baada ya bia ya nne hakuna mtaalamu, hata mimi karatasi zangu za bia ya tano huwa sizihesabu. Na gari iwe imeshalala hotelini, msionje mchana mkiwa njiani, ile barabara ya Moshi kwenda Tanga ina malori na polisi, na hata bila polisi hapana.

Unguja mkivuka, kumbukeni wenyeji wengi ni Waislamu, bia ipo kwenye mahoteli na baa zenye leseni, kunyweni hukohuko na msitembee na chupa mtaani. Bia pale imevuka bahari na joto la pwani ni kubwa, kwahiyo tarehe na jua viangaliwe mara mbili.

Nikutakie safari njema, na msalimie shemeji. Karatasi za Arusha usizitupe, nitumie, nataka kuona mmeandika nini kwenye Serengeti na Ndovu wakati lebo zimefichwa, na nani kati yenu alipatia ile ya glasi tatu.